Bagamoyo ina msimu wake wa sanaa, Ujiji je?

Msikilizaji, kila mwaka mji wa Bagamoyo hupokea wageni wenye ngoma mabegani. Huja vikundi vya ngoma za asili, vya maigizo, vya sarakasi na vya muziki wa bendi, kutoka mikoani na kutoka nchi za nje. Kwa siku kadhaa mji ule mdogo haulali mapema. Wenye nyumba za wageni hujaza vyumba, mama lishe huongeza sufuria, na watoto hujipenyeza mbele kabisa ili wasipitwe na kitu.

Hilo ni Tamasha la Sanaa na Utamaduni la Bagamoyo. Lilianza mwaka 1982, na huandaliwa na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita Chuo cha Sanaa.

Leo nataka tulitazame tamasha hilo tukiwa tumesimama upande mwingine wa nchi, pale Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Pengine utauliza, Ujiji inahusikaje na mambo ya Bagamoyo? Inahusika sana, kwa sababu miji hii miwili ni ncha mbili za njia moja.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita kati ya Ujiji na Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo vichwani na mabegani, wakapita Tabora na Ugogo hadi kuiona bahari. Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Ni Ujiji hiyohiyo ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Naye Livingstone alipofariki mwaka 1873, maiti yake ilibebwa na akina Chuma na Susi hadi Bagamoyo, ikapakiwa chomboni mwanzoni mwa mwaka 1874.

Serikali yetu inautambua udugu huo. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia hiyo UNESCO ili iingizwe katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Bagamoyo inaanza na Ujiji inamaliza, au kinyume chake, kutegemea umesimama wapi.

Basi swali la leo ni hili: ndugu hawa wawili wamezaliwa na historia moja. Kwa nini mmoja ana msimu wake wa muziki na maigizo unaojulikana kila mwaka, na mwenzake hana?

Jibu jepesi ni kwamba Bagamoyo iko karibu na Dar es Salaam. Ni kweli, lakini si jibu lote. Miji iliyo karibu na Dar es Salaam ni mingi, na haina tamasha. Hapana budi tutazame jinsi jambo lenyewe lilivyojengwa.

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipoingia madarakani kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, aliunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Katika miaka iliyofuata yakaundwa makundi ya taifa, la ngoma, la sarakasi na la maigizo. Makundi hayo baadaye yalivunjwa, na badala yake kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981. Wasanii waliokuwa wakizunguka na makundi wakawa walimu wenye anwani. Mmoja wao alikuwa marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyekuwa bingwa wa ilimba na zeze. Aliishi Bagamoyo, akafundisha hapo, na familia yake ikaendelea na muziki hata baada ya kifo chake Desemba 2003.

Sasa, chuo kina wanafunzi, na mwanafunzi wa sanaa lazima aonekane jukwaani. Tamasha likazaliwa mwaka mmoja tu baada ya chuo, na likawa na kila linachohitaji: wachezaji wapo, walimu wapo, mahali pa kuonyeshea papo. Mwaka 2002 ukumbi wa chuo uliungua moto. Ukajengwa mwingine, na tamasha bado lipo hadi leo. Jambo lenye mizizi haliondoki na paa lake.

Kuna sababu nyingine iliyo ya zamani zaidi, nayo hutajwa mara chache. Wenyeji wa Bagamoyo walikuwa wamezoea kupokea umati kwa siku maalumu muda mrefu kabla ya chuo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji ule ulikuwa na Sheikh Ramiya, kiongozi wa tarika ya Kadiria, ambaye maulidi yake yalivuta watu kwa maelfu. Na huyu Sheikh Ramiya alikuwa nani? Alikuwa mtoto wa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliyeletwa pwani akiwa mtumwa. Akasoma, akafanya biashara, akapanda hadi kuwa sheikh mkubwa, akafariki mwaka 1931. Mtoto aliyetekwa magharibi ya ziwa ndiye aliyeifundisha pwani kukusanyika.

Turudi sasa Ujiji na Kigoma. Je, huku hakuna sanaa? La hasha. Waha wana ngoma zao, na ukivuka mpaka tu unakutana na Warundi, ambao ngoma yao ya kifalme iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Ujiji yenyewe ni mji wa Waswahili wa bara, wenye maulidi na dhikiri za miaka mingi. Ng'ambo ya maji iko Kongo, mama wa dansi, na mawimbi ya redio hayajawahi kuhitaji pasi ya kusafiria.

Hata vijana wa siku hizi hawajambo. Mwaka 2012 wasanii wa Bongo Fleva wenye asili ya Kigoma, akiwamo Diamond Platnumz, walikusanyika chini ya jina la Kigoma All Stars, wakaimba Leka Dutigite, maneno ya Kiha yenye maana iliyo karibu na "acha tujidai". Wakaja wakaimba kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Desemba 2019 Diamond akarudi uwanjani hapo kusherehekea miaka kumi ya muziki wake, na safari hiyo aliifanya kwa treni ya Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Mji mzima ulihama nyumba zake.

Lakini kumbuka, msikilizaji: maonyesho yale yalikuja na kuondoka. Jukwaa lilifunguliwa bolti, spika zikapakiwa garini, na asubuhi yake mpiga ngoma wa Ujiji akawa palepale alipokuwa juzi. Hii ndiyo tofauti kati ya onyesho na msimu. Onyesho ni mvua ya siku moja, inayowafurahisha watoto. Msimu ni masika, ambayo mkulima anaijua kabla haijafika, akaandaa jembe na mbegu. Mwenye nyumba ya wageni hawezi kuongeza vyumba kwa ajili ya usiku mmoja usiojulikana utarudi lini. Mwalimu wa shule hawezi kuandaa mchezo wa kuigiza kwa tarehe isiyokuwapo. Na kijana mwenye sauti nzuri, akiona nyumbani hakuna jukwaa, hupanda treni kwenda Dar es Salaam. Akifanikiwa tunamshangilia kwenye televisheni. Wasiofanikiwa hatuwasikii tena, na ngoma waliyoiacha nyumbani inabaki mikononi mwa wazee ambao hawaishi milele.

Kwa hiyo Ujiji ingehitaji nini? Kwa mfano wa Bagamoyo, mambo matatu: mahali, walimu na tarehe.

Mahali papo. Pale Ujiji kuna makumbusho yenye jina la Livingstone, na miembe inayosemwa kuwa ni kizazi cha ule mwembe wa mwaka 1871. Kuna sanamu za mabwana wawili wakivuana kofia. Mgeni hutazama, hupiga picha, kisha huondoka. Jioni hana la kufanya.

Wapo watakaosema kwamba mahali walipopita watumwa si pa kuchezea ngoma. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Lakini nadhani hapo ndipo maigizo yanapohitajika zaidi. Mabwana wawili wana sanamu. Je, nani anamsimulia Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, akarudi akawaongoza Burton na Speke hadi Ujiji, kisha akaja tena na Stanley? Nani anamsimulia yule mtoto wa Manyema aliyekuwa Sheikh wa Bagamoyo? Mchezo wa saa moja chini ya mwembe unaweza kutufundisha mambo ambayo kibao cha saruji hakiwezi.

Walimu nao wapo, ila wametawanyika. Kuna wazee wa ngoma vijijini, kuna walimu wa madrasa wanaojua kasida, kuna wahitimu wa Bagamoyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakusanya, na ofisi ya utamaduni ya manispaa inaweza kuanzia hapo bila kusubiri jengo jipya.

Limebaki suala la tarehe, na hapa ningependa Kigoma isiige pwani. Kigoma ina kalenda yake, nayo iko mbinguni. Wavuvi wa dagaa na migebuka huvua usiku wa giza, kwa sababu samaki hufuata mwanga wa karabai na taa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haina kazi, na mitumbwi hupumzika ufukoni kwa siku kadhaa. Hizo ndizo siku ambazo mvuvi, mchuuzi wa dagaa na mke wa mvuvi wana usiku wao wenyewe. Tamasha likiwekwa katika mbalamwezi ya Septemba, mvua zikiwa bado hazijaanza Kigoma, watazamaji watakuwapo bila kupoteza riziki ya usiku hata mmoja. Na vikundi vitakavyofanya vizuri vitaweza kuendelea na safari hadi Bagamoyo, kwa njia ya babu zao, safari hii bila mizigo kichwani.

Najua kuna msikilizaji anayenung'unika: huyu anazungumzia ngoma, ilhali watu wana shida ya kipato. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kila mtu Kigoma aliona jinsi mkoa unaotegemea nyavu unavyotikisika nyavu zinapoanikwa. Ndiyo maana nalisema hili. Mji wenye riziki ya namna moja tu ni mji unaosimama kwa mguu mmoja. Watu wanaokula, wanaolala na wanaopanda bodaboda kwa ajili ya tamasha huacha fedha mifukoni mwa wenyeji.

Lakini tusidanganyane kuhusu gharama. Zanzibar wana Ngome Kongwe, na humo hufanyika Sauti za Busara tangu mwaka 2004, kila Februari. Tamasha hilo ni maarufu duniani, hata hivyo mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Likarudi mwaka 2017. Funzo ni kwamba anayeanza kwa ukubwa wa kukopa huanguka kwa kishindo. Ujiji ianze na kinachoweza kulipiwa na watu wake: vikundi vitano vya ngoma, kikundi kimoja cha kasida, mchezo wa kuigiza wa shule moja, taa chache na mikeka. Mwaka wa kwanza watakuja majirani. Mwaka wa pili watakuja wa Kasulu na Uvinza. Jambo la lazima ni moja tu, kwamba mwaka wa pili uwepo, na wa tatu, mwezi uleule, mahali palepale.

Kwa mkuu wa shule anayenisikiliza pale Ujiji, Septemba si mbali. Waambie watoto waanze kumtafuta Bombay.

Hadi juma lijalo, msikilizaji, kwaheri.