Minofu haina sura: bunju aliyeuzwa kwa jina la mwingine

Mwaka 2007, watu wawili mjini Chicago, Marekani, waliugua baada ya kula samaki waliyempika nyumbani. Dalili zao zilikuwa za sumu ya bunju. Muuzaji wa rejareja alikana kuuza bunju. Msambazaji wake wa California naye akakana. Wote walishikilia kuwa ni monkfish, samaki mwingine kabisa.

Wachunguzi walipima mabaki ya chakula pamoja na samaki wa shehena ileile waliobaki kwa msambazaji. Vinasaba vilionyesha ni jamii ya bunju, na sumu ilikuwa nyingi. Bidhaa hiyo ikaondolewa sokoni katika majimbo matatu.

Kwa wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki, bunju mzima hahitaji maabara. Akitolewa majini hujivimbisha kama puto, na hutambulika papo hapo. Ugumu huanza akishakatwa kichwa, akachunwa ngozi, kisha akagandishwa, akakaushwa au akasagwa. Sumu yake, tetrodotoksini, haiishi kwa kupika wala kugandisha, na haina dawa ya kuizima. Midomo na ulimi hufa ganzi. Hali ikizidi, misuli ya kupumulia hupooza.

Maabara husoma kipande cha vinasaba na kukilinganisha na kumbukumbu za spishi zinazojulikana. Njia hiyo ilipendekezwa mwaka 2003 na Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Kwa samaki wa kopo, ambao vinasaba vyao huvunjwavunjwa na joto, husomwa kipande kifupi zaidi. Kipimo hicho hutaja spishi tu. Kiasi cha sumu hupimwa kivyake.

Kwa anayevusha samaki mpakani, cheti cha uasili wa bidhaa husema mzigo umetoka nchi gani. Hakithibitishi ni samaki gani aliye ndani ya boksi. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, hauruhusu kabisa bidhaa za jamii ya bunju kuingia sokoni.

Kinga ya kwanza ni kununua kwa muuzaji anayeandika jina kamili la samaki, kisha kutunza risiti na namba ya toleo la kila boksi. Chicago, ukweli ulipatikana kwa sababu shehena iliweza kufuatiliwa hadi ghalani. Mzigo usiofuatilika humwachia mfanyabiashara neno lake tu, na neno la muuzaji wa Chicago halikusimama mbele ya vinasaba.