Meli Iliyopanda Garimoshi

Msomaji uliye Majengo, iwe ya Meru au ya Embu, umezoea kuona mizigo ya kila aina ikishushwa kwenye malori. Je, umewahi kusikia meli nzima ikisafirishwa kama mzigo?

Meli hiyo ni Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Yaliteremshwa Dar es Salaam, yakapelekwa kwa reli hadi Kigoma, na mafundi wakaiunga upya. Februari 1915 ikaingia Ziwa Tanganyika.

Kwa kuwa Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto, meli ya abiria na mizigo ikageuzwa manowari. Baadaye ikafungwa mzinga uliotoka Königsberg, manowari iliyokwisha mtoni Rufiji Julai 1915.

Julai 1916, adui alipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili asiipate. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Siri ilikuwa hapo! Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado yafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ikabeba wafanyabiashara na samaki wakavu, na mwaka 1997 ikawarudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo.

Wahenga walisema, kitunze kikutunze. Mafundi wale walitunza, wakatunzwa wengine. Nawe mzazi, mwanao akiuliza kwa nini asafishe jembe asilolima nalo, msimulie habari za Liemba.