Kimya cha Kengele si Amani



Kila askari aliyepata kulinda lindo usiku anajua kwamba kuna kimya cha namna mbili. Kuna kimya cha adui asiyekuwapo, na kuna kimya cha mlinzi aliyelala. Komanda aliye mbali hawezi kuvitofautisha kwa kutega sikio tu. Ndiyo maana huita kwa simu ya upepo kila baada ya muda na kutaka kujibiwa, na ofisa wa zamu huzunguka malindo yote hata kama hakuna aliyelalamika.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu ulinzi wa namna hiyo katika kompyuta. Siku hizi mabenki, makampuni ya umeme, hospitali na ofisi za mishahara katika nchi nyingi hutegemea kompyuta kuu zinazozihudumia kompyuta nyingine, nazo huitwa seva, pamoja na hazina za kumbukumbu zilizohifadhiwa humo. Mitambo hiyo haitoshi kuwekewa mlinzi mlangoni. Yapasa iangaliwe mchana na usiku: inajibu kwa kasi gani, imebakiwa na nafasi kiasi gani, imefanya makosa mangapi. Kiwango kilichowekwa kikipitwa, kengele hulia ili fundi aje kabla ya maafa. Lakini je, kengele yenyewe ikifa, nani atatoa habari?

Swali hilo lilijibiwa kwa gharama kubwa huko Marekani tarehe 14 Agosti, 2003. Katika jimbo la Ohio, kampuni ya umeme ya FirstEnergy ilikuwa ikiongoza njia zake za umeme kwa kompyuta. Programu moja ilikuwa na kazi ya kuwapigia kengele watumishi wa zamu kila hitilafu ilipotokea. Kiasi cha saa 8.14 mchana programu hiyo ilikwama, kwa sababu ya kosa lililojificha ndani yake. Haikutoa ishara yoyote. Saa 8.41 seva iliyoibeba ikaanguka. Seva ya akiba ikashika zamu, lakini ilikabidhiwa programu ile ile ikiwa bado imekwama, nayo ikaanguka saa 8.54.

Mafundi wa kompyuta walipata habari ya kuanguka kwa seva. Waliiwasha upya, na ilipofika saa 9.08 wakaona kwamba inafanya kazi. Hawakuwauliza watumishi wa zamu kama kengele imerudi. Haikuwa imerudi. Watumishi nao hawakujua kwamba ilikuwa imekufa, wakaendelea kuamini kwamba mambo ni shwari kwa kuwa hawasikii kitu. Hata kampuni jirani ilipowapigia simu saa 8.32 kuuliza juu ya njia moja iliyokatika kwa muda mfupi, jibu lilikuwa kwamba hakuna kengele iliyoonekana.

Huko nje hali ilikuwa nyingine. Waya unaobeba umeme mwingi hupata joto na kulegea, na chini ya njia hizo miti ilikuwa imeachwa irefuke. Saa 9.05 njia kuu ya kwanza iligusa mti na kukatika. Ya pili ilifuata saa 9.32, na ya tatu saa 9.41. Kila iliyokatika iliwatwisha wenzake mzigo wake.

Palikuwapo pia mlinzi wa juu zaidi. Ofisi iliyosimamia umeme wa eneo zima ilikuwa na kompyuta ya kukadiria hali ya njia zote kila baada ya dakika 5. Mchana ule ilikuwa na hitilafu. Mtaalamu mmoja aliitengeneza, akasahau kuirudisha katika kujiendesha yenyewe, akaenda kula chakula. Kwa hiyo mlinzi alikuwa amelala, na ofisa wa kukagua malindo hakupita.

Ilipofika saa 10.13 alasiri, watu wapatao milioni 50 katika majimbo 8 ya Marekani na jimbo la Ontario nchini Kanada walikuwa hawana umeme. Vituo 265 vya kuzalisha umeme vilikuwa vimezimika. Mjini New York treni za chini ya ardhi zilisimama na abiria wake ndani, na taa za barabarani zikafa. Kosa lililoanza katika programu moja likawa kazi ya askari polisi katika njia panda.

Msikilizaji atauliza, askari ana nini na haya? Analo jambo. Mshahara wake, kumbukumbu za alama za vidole vya wahalifu, na hesabu za ghala zinaingia katika mitambo ya aina hii. Na mafunzo ya Ohio ni yale yale ya lindo. Mtambo unaochungwa utakiwe kutoa ishara ya uhai kila baada ya muda, na kukosekana kwa ishara kuhesabiwe kuwa ni tahadhari. Mtambo unaochunga usikae ndani ya ule unaochungwa, wasije wakafa pamoja. Kengele ijaribiwe mara kwa mara, wala isiachwe kulia kwa kila jambo dogo hata masikio yakaizoea. Fundi asiondoke kabla ya kumwuliza mtumiaji kama kazi yake imerudi. Na mtu aliye nje akileta habari inayopingana na kioo cha kompyuta, asinyamazishwe kwa kuambiwa kwamba kioo hakionyeshi kitu.

Tume ya Marekani na Kanada iliyochunguza mkasa ule ilitoa taarifa yake mwezi Aprili, 2004. Miongoni mwa sababu ilizozitaja ni kwamba wenye zamu hawakuijua hali ya mitambo yao wenyewe. Mapema alasiri ile ilikuwapo nafasi ya kupunguza mzigo wa umeme katika eneo dogo na kuliokoa eneo kubwa. Nafasi hiyo ilipita, kwa kuwa aliyepaswa kuitumia hakuambiwa kwamba kengele yake imekufa.