WANYAMA KUMI NA WAWILI WA KICHINA: Wa Kuhesabia Miaka, Si wa Kuhukumu Watoto

Kila taifa lina njia yake ya kuhesabu miaka. Wapo wanaofuata jua, wapo wanaofuata mwezi, na wapo wazee waukumbukao mwaka kwa njaa, vita au mafuriko yaliyotokea. Wachina, tangu zamani za kale, waliipa miaka yao majina ya wanyama kumi na wawili, na desturi hiyo ikaenea hata Japani, Korea na Vietnam. Desturi yenyewe ina elimu ndani yake. Lakini pale jina la mnyama lilipogeuzwa kuwa hukumu juu ya mtoto, liliingiza hofu katika nyumba za watu. Yafaa, ndugu msomaji, tuyatenge mambo haya mawili.

MAJINA NA ASILI YAKE

Wanyama wenyewe, kwa utaratibu wao, ni Panya, Ng'ombe, Chui-milia, Sungura, Joka, Nyoka, Farasi, Mbuzi, Nyani, Jogoo, Mbwa na Nguruwe. Akiisha Nguruwe, Panya huanza tena. Neno la Kichina la mnyama wa nane hutumika kwa mbuzi na kwa kondoo pia, ndiyo maana wengine humwita Kondoo. Katika Vietnam, Nyati hushika nafasi ya Ng'ombe, na Paka hushika nafasi ya Sungura.

Hadithi wanayosimuliwa watoto husema kwamba Mfalme wa Mbinguni aliwaita wanyama washindane kuvuka mto. Panya, kwa udogo wake, alipanda mgongoni mwa ng'ombe, na walipokaribia ukingo akaruka mbele akawa wa kwanza. Paka hakuamshwa na rafiki yake panya, akakosa nafasi. Tangu siku hiyo wawili hao hawapatani.

Hiyo ni hadithi tu, lakini ukale wa desturi hii una ushahidi. Mwaka 1975, mahali paitwapo Shuihudi katika mkoa wa Hubei, lilichimbuliwa kaburi la mtumishi wa serikali aliyeshughulikia sheria, ambaye alizikwa yapata mwaka 217 kabla ya Kristo. Ndani yake mlikuwa na vipande vingi vya mianzi vilivyoandikwa, na miongoni mwa maandishi hayo orodha ya wanyama inayofanana kwa sehemu kubwa na ile ya leo.

WANYAMA NA ZAMU ZA USIKU

Wachina wa zamani waliigawa siku nzima katika vipindi kumi na viwili vya saa mbili mbili, kila kipindi na mnyama wake. Kipindi cha Panya kilianza saa tano hadi saa saba za usiku, wakati siku moja inapoipisha nyingine. Cha Farasi kilikuwa saa tano hadi saa saba za mchana, jua likiwa utosini. Usiku, tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, uligawanywa katika zamu tano, na walinzi walipiga ngoma au vipande vya mti kutangaza kila zamu. Askari aliyewahi kushika lindo ataelewa mara moja manufaa ya hesabu hiyo.

Katika maisha ya nyumbani pia mnyama ana kazi yake. Ni ustaarabu kumwuliza mtu mnyama wake badala ya kumwuliza umri, kwani ajuaye mnyama huweza kukisia miaka. Wengi huuona mwaka unaorudiwa na mnyama wa mtu mwenyewe, yaani akiwa na miaka 12, 24, 36 na kuendelea, kuwa mwaka wa kujihadhari. Kwa hiyo huvaa mshipi au nguo ya ndani nyekundu ili kujikinga.

JINSI YA KUUTAFUTA MWAKA WAKO

Chukua mwaka uliozaliwa, ugawe kwa 12, kisha utazame kinachobaki. Kisipobaki kitu ni Nyani, 1 ni Jogoo, 2 Mbwa, 3 Nguruwe, 4 Panya, 5 Ng'ombe, 6 Chui-milia, 7 Sungura, 8 Joka, 9 Nyoka, 10 Farasi, 11 Mbuzi. Kwa mfano, 1984 ukigawa kwa 12 hubaki 4. Mwaka huo ni wa Panya.

Lakini aliyezaliwa Januari au Februari na aangalie vizuri, kwa sababu mwaka wa Kichina huanza kwa mwezi mwandamo, kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Aliyezaliwa kabla ya siku hiyo huhesabiwa katika mwaka uliotangulia.

FARASI WA MOTO

Juu ya wanyama hao huwekwa asili tano: mti, moto, udongo, madini na maji. Kila asili hushika miaka miwili mfululizo, na hivyo huchukua miaka sitini mnyama na asili ile ile kukutana tena. Katika mzunguko huo ndimo alimo Farasi wa Moto, na hapa ndipo hesabu ilipogeuka kuwa hofu.

Huko Japani ilishikwa itikadi kwamba mwanamke aliyezaliwa mwaka wa Farasi wa Moto ana tabia kali, na kwamba atamfupishia mumewe maisha. Itikadi hiyo iliambatanishwa na msichana aitwaye Oshichi wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Alichomwa moto mwaka 1683 kwa kosa la kuwasha moto mjini, na masimulizi yanasema alizaliwa mwaka 1666, mwaka wa Farasi wa Moto.

Miaka mia tatu baadaye, katika nchi yenye viwanda na vyuo vikuu, hofu hiyo ilikuwa bado hai. Mwaka 1965 walizaliwa Japani watoto wapatao 1,820,000. Mwaka 1966, ambao ulikuwa wa Farasi wa Moto, walizaliwa wapatao 1,360,000 tu, yaani robo nzima ilipungua. Mwaka 1967 idadi ikapanda hadi zaidi ya 1,930,000. Hapakuwa na vita wala tauni. Wazazi wengi waliogopa kupata binti ambaye hatapata mchumba.

Sifa nayo huvuta kama hofu. Katika China yenyewe Joka ni mnyama wa heri, na mwaka wa Joka wa 2024 watoto waliozaliwa walifikia 9,540,000, wakati mwaka 2023 walikuwa 9,020,000. Farasi wa Moto aliyefuata baada ya yule wa 1966 ni wa mwaka 2026, kuanzia tarehe 17 Februari.

HOJA YA MZEE WA KICHINA

Isidhaniwe kwamba ni wageni tu waliotilia shaka mambo haya. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mwanachuoni wa Kichina aitwaye Wang Chong aliwahoji wanajimu wa zama zake. Ikiwa panya ni wa maji na farasi ni wa moto, na maji huushinda moto, mbona hatumwoni panya akimfukuza farasi? Na ikiwa jogoo ni wa madini na sungura ni wa mti, na madini huushinda mti, mbona jogoo hamdonoi sungura?

Maisha nayo yamejibu. Binti mfalme Kiko wa Japani alizaliwa Septemba 1966. Aliolewa na mwana wa Mfalme mwaka 1990, na mwaka 2006 akamzaa Hisahito, mtoto wa kiume wa kwanza kuzaliwa katika ukoo huo tangu mwaka 1965.

Basi, tuwapongeze Wachina kwa kalenda yao, na tuwafurahishe watoto wetu kwa hadithi ya panya na ng'ombe. Lakini siku, mwezi au mwaka wa kuzaliwa usiwe sababu ya kumpenda mtoto mmoja na kumwogopa mwingine, wala ya kumkataa msichana aliyeposwa. Tabia ya mtoto hujengwa na malezi, na malezi ni kazi ya baba na mama. Mwenda pole huhesabu miaka yake. Mwenye busara hamhesabii mtoto makosa ambayo hajayatenda.