Ndama Wanapozaliwa Kati ya Theluji na Radi

Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283. Fahali wakiachiwa majike mwanzoni mwa Juni, ndama wa kwanza watazaliwa karibu na katikati ya Machi. Hesabu hiyo ndiyo inayopanga maisha ya familia za wafugaji katika Nyanda Kuu za Marekani: saa za kulala, zamu za watoto, na hata nani ataenda ibadani Jumapili na nani atabaki zizini. Tatizo ni kwamba Machi, Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo anga ya huko haitabiriki hata kidogo. Theluji, mvua ya mawe, radi na tonado huweza kupita katika msimu mmoja, mara nyingine katika wiki moja.

Mfano mzuri ni Sandhills, katika jimbo la Nebraska. Ni eneo la kilomita za mraba 50,000 hivi, lenye vilima vya mchanga vilivyoshikwa na nyasi. Mchanga huo haufai kulimwa, kwa hiyo wenyeji hufuga. Cherry, wilaya kubwa kuliko zote za jimbo hilo, ina zaidi ya kilomita za mraba 15,000 na watu wasiofika 6,000. Ng'ombe ni wengi kuliko watu kwa mbali. Jirani anaweza kuwa umbali wa kilomita kumi na daktari wa mifugo hamsini. Wengi wa wakazi ni Wakristo: Walutheri, Wakatoliki, Wamethodisti na Wabaptisti, ambao wengi wao babu zao walihamia kutoka Ulaya katika karne ya 19. Makanisa ni madogo, na mara nyingi mchungaji mmoja huhudumia mawili au matatu.

Ukali wa hali ya hewa unatokana na jiografia. Hewa yenye joto na unyevu hupanda kutoka Ghuba ya Meksiko, hewa kavu hutoka jangwa la kusini-magharibi, na hewa baridi hushuka kutoka Kanada. Katikati hakuna mlima wa kuzitenganisha. Zinapokutana mwezi Machi huzaa dhoruba ya theluji. Zinapokutana Mei, jua likiwa limekwisha kuipasha ardhi, huzaa mawingu marefu ya radi, na pepo za juu zikitofautiana sana na za chini kwa kasi na mwelekeo, wingu huanza kuzunguka. Hapo ndipo tonado huweza kutokea.

Katika theluji, kinachomwua ng'ombe mara nyingi ni maji yanayotangulia baridi. Manyoya makavu ya majira ya baridi humkinga mnyama mzima mpaka nyuzi 8 chini ya sifuri hivi. Yakilowa, mnyama huanza kutumia akiba ya mwili kujipasha joto hata kukiwa na nyuzi 15 za Selsiasi. Ndiyo maana mvua ya muda wa saa tatu ikifuatwa na theluji na upepo humtia mfugaji hofu kuliko baridi kavu ya Januari. Zaidi ya hayo, ng'ombe aliyepigwa na dhoruba huupa upepo mgongo na kutembea. Hutembea hadi azuiwe na pembe ya uzio wa seng'enge au aingie ziwani, na wanaomfuata humlalia. Kwa hiyo kazi ya kwanza, taarifa ya hali ya hewa ikishatangazwa, ni kuhamishia majike wanaokaribia kuzaa nyuma ya miti au ukuta wa mbao. Ukuta huo haujengwi bila nafasi. Mbao huachiwa mianya ya robo hivi ya eneo lote, kwa sababu ukuta uliozibwa kabisa husababisha upepo kuruka juu na kumwaga theluji upande wa pili, palepale walipojificha ng'ombe.

Ndama mchanga ndiye mtihani wenyewe. Huzaliwa akiwa amelowa majimaji ya uzazi, hana mafuta mengi mwilini, na kingamwili za mama hazipiti kwenye kondo. Kinga yake yote ya mwanzo imo ndani ya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama. Utumbo wake huzipokea vizuri katika saa sita za kwanza, na baada ya saa 24 mlango huo umefungwa. Akizaliwa saa nane za usiku kwenye theluji asiweze kusimama, anapoteza joto na dang'a kwa pamoja.

Anayefika na tochi huanza kwa kumtia ndama kidole mdomoni. Mdomo ukiwa na joto na ulimi ukikivuta kidole, ndama hufutwa kwa gunia na kuachwa na mama yake. Mdomo ukiwa baridi na kidole kisiponyonywa, hubebwa hadi pikapu, hulazwa miguuni pa abiria penye hewa ya moto, kisha nyumbani. Joto la kawaida la ndama ni nyuzi 38.5 hadi 39. Likishuka chini ya 34, hewa ya moto peke yake huchelewa. Hapo huingizwa katika beseni la kuogea la familia, ndani ya maji ya uvuguvugu, kichwa kikishikiliwa juu na mtoto wa nyumbani. Akishachangamka, hukaushwa kwa taulo na kunyweshwa lita mbili au tatu za dang'a, kwa chupa au kwa mrija unaofika tumboni. Friji la familia ya wafugaji karibu daima lina dang'a iliyogandishwa, au kabatini pana ya unga, kwa ajili ya usiku kama huo. Kanuni hii ya dang'a haina mpaka: inamfaa vilevile mfugaji wa Kongwa au Laikipia, ambako mvua ya usiku humkuta ndama malishoni.

Baada ya kuoga, ndama anaweza kukataliwa na mama kwa kuwa harufu yake imebadilika. Na jike aliyefiwa humkataa yatima wa mwenzake. Dawa yake ni ya zamani: ndama aliyekufa huchunwa, ngozi yake hufungwa mgongoni mwa yatima kama koti, na jike akinusa huamini kwamba ni wake. Siku chache baadaye koti huvuliwa. Mgeni huona jambo hilo ni la kikatili, lakini yatima hupata maziwa.

Kazi hii haina mshahara wa zamu ya usiku. Baba huweza kukagua saa nne na saa saba, mama saa kumi, na kijana wa sekondari kabla ya basi la shule. Mitamba, yaani wanaozaa mara ya kwanza, hukaguliwa mara nyingi zaidi kwa kuwa ndama hukwama. Kila mzao huandikwa katika daftari dogo la mfukoni: tarehe, namba ya hereni ya mama, jinsia ya ndama, na kama amekufa, sababu. Daftari hilo lina thamani ya fedha. Serikali ya Marekani ina mpango wa fidia ya mifugo iliyouawa na hali mbaya ya hewa, ulioanzishwa na sheria ya kilimo ya 2008, ambao hulipa asilimia 75 ya bei ya soko kwa vifo vinavyozidi vile vya kawaida. Pasipo kumbukumbu, malipo huwa magumu kupatikana.

Kalenda ya kanisa nayo haikwepi. Pasaka ya makanisa ya Magharibi huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, yaani katikati kabisa ya msimu wa kuzaa. Ibada ya alfajiri ya Pasaka huhudhuriwa na watu waliokesha zizini, baadhi wakiwa na viatu vyenye tope, na hakuna anayewashangaa. Kazi ya Jumapili nayo haiwasumbui sana. Injili ya Luka, sura ya 14, inamtaja ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, na wafugaji huona kwamba ndama aliyekwama kwenye njia ya uzazi anaingia katika hukumu hiyohiyo.

Ubaya wa msimu huu ulionekana Machi 2019. Tarehe 13 na 14, mfumo wa kimbunga wenye mgandamizo mdogo sana wa hewa ulipita Nebraska. Mvua ilinyesha kwanza juu ya ardhi iliyoganda, ambayo haikuweza kunywa maji, na upande wa magharibi ikafuata theluji yenye upepo mkali. Bwawa la Spencer katika mto Niobrara lilivunjika tarehe 14, na mabamba ya barafu yakasombwa hadi malishoni. Ndama wengi walikufa. Misafara ya malori yaliyobeba marobota ya nyasi kavu na seng'enge ilitoka majimbo mengine, mingi ikiratibiwa na wakulima wenyewe na makanisa.

Mei ikiingia, hofu huhamia kwenye tonado. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa hutoa ujumbe wa ngazi mbili: tahadhari, maana yake mazingira ya tonado yapo, na onyo, maana yake imeonekana kwa macho au kwenye rada. Baada ya onyo familia hupata dakika kumi hivi, mara nyingine pungufu, kushuka kwenye chumba cha chini ya ardhi. Ng'ombe hawafungiwi bandani, kwa sababu banda likiporomoka huwaua wote. Huachwa malisho ya wazi na malango hufunguliwa.

Upepo ukishapita, hatari hubaki kwenye nyasi. Ng'ombe hula bila kutafuna vizuri, na humeza misumari na vipande vya waya vilivyotapakaa. Chuma hicho hutua kwenye sehemu ya pili ya tumbo, jirani na moyo, na kinaweza kuutoboa ukuta. Wafugaji huwamezesha ng'ombe wao sumaku ndogo ya umbo la kidole, ambayo hukaa humo maisha yote na kukamata chuma. Lakini kinga bora ni kuokota. Waumini na majirani hujipanga mstari mmoja, ndoo mkononi, na kulipita shamba hatua kwa hatua. Shirika la Wamenonite la kusaidia waliokumbwa na maafa, lililoanza Hesston, Kansas, mwaka 1950, limekua kutokana na kazi za mikono za aina hiyo.

Familia hizihizi huomba mvua. Nyasi za Nyanda Kuu hukua zaidi Mei na Juni, na mvua inayozikuza hutoka katika mawingu yaleyale yenye radi. Jumapili ya Matawi ya 1935, tarehe 14 Aprili, dhoruba ya vumbi iliyofanya mchana kuwa giza iliwafundisha watu wa Oklahoma, Kansas na Texas ukame ulivyo. Mwaka 2011 gavana wa Texas, Rick Perry, alitangaza siku tatu za kuombea mvua, Aprili 22 hadi 24, kuanzia Ijumaa Kuu hadi Pasaka. Ukame uliendelea, na mwaka huo ukawa miongoni mwa mikavu kabisa katika kumbukumbu za jimbo. Mwenye kutaka sala iwe chombo cha kuamuru mawingu atasumbuliwa na habari hiyo. Wafugaji wengi hawaichukulii hivyo. Kitabu cha Ayubu, ambacho kinaanza na mifugo iliyopotea na upepo ulioangusha nyumba, hakimpi Ayubu mwenyewe maelezo ya sababu, na kwao kinasomeka kama habari za jirani.

Mwisho wa msimu ni siku ya kutia chapa, kwa kawaida Mei. Majirani huja na farasi na kamba. Ndama huchanjwa, madume huhasiwa, chapa hutiwa. Mzee wa nyumba husali kwanza, na malipo ni chakula cha mchana na deni la kwenda kwa jirani zamu yake ikifika. Mvua ikinyesha, kazi huahirishwa: chuma cha moto juu ya manyoya mabichi hutoa mvuke unaounguza ngozi na kuharibu alama.

Baadhi ya familia sasa wanaikimbia Machi yenyewe. Katika kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Nebraska karibu na Whitman, makundi yanayozaa Machi na yanayozaa kiangazi yamelinganishwa tangu miaka ya 1990. Wanaozaa kiangazi huepuka theluji na huhitaji nyasi kavu pungufu, kwa kuwa malisho mabichi yapo. Ndama wao, hata hivyo, huwa wadogo na wepesi siku ya mnada wa vuli, na fahali lazima waachiwe Agosti, nyasi zikiwa zimeanza kupungua nguvu. Kwa hiyo wengi bado huwaachia fahali Juni, na hununua taulo za ziada.