Kipakatalishi Juu ya Kitambaa Cheupe

"Shangazi, kimekata roho," alisema binti wa kaka yangu, machozi yakimlengalenga. Kipakatalishi chake kilikuwa kimezimika huko Asembo Bay, kazi yake ya utafiti wa chuo ikiwa ndani, na siku za kuiwasilisha zilibaki tisa.

Baada ya Alasiri tulitandika kitambaa cheupe mezani, tukachomoa waya wa umeme, tukashika bisibisi. Kaka alicheka kutuona, nikamkumbusha kuwa Bibi Aisha (R.A.) amesimulia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akishona viatu vyake kwa mkono wake. Kila skrubu tuliipanga sahanini kwa kufuata mahali ilipotoka, maana hazilingani urefu, na ndefu ikitiwa katika tundu la fupi huweza kuharibu ubao mkuu.

Kifuniko kilipoachia, tulikuta feni imezibwa na vumbi na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji mithili ya moshi na kukimbilia taa. Hilo lilikuwa jepesi, brashi ilitosha. Betri ilikuwa imebandikwa kwa gundi, nasi hatukuthubutu kuibandua kwa kisu, kwani ikitobolewa huweza kuwaka moto. Kumbukumbu ililehemiwa ubaoni moja kwa moja, na vivyo hivyo tundu la chaji, ambalo ndilo lililovunjika. Katika vipakatalishi vingine tundu hilo lina waya wake, nalo hubadilishwa bila kulehemu chochote.

Diski, alhamdulillahi, ilishikwa na skrubu moja tu. Tuliitoa, tukaitia katika kasha lenye waya wa USB, na kazi yote ikaonekana kwenye kompyuta ya babake.

Nchini Ufaransa, tangu Januari 2021, vipakatalishi huuzwa vikiwa na alama, kati ya 10, ya wepesi wa kutengenezeka. Huku kwetu mnunuzi hujitafutia mwenyewe. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, kwa mfano, betri yake ya nyuma hutoka bila bisibisi, na kumbukumbu yake huchomekwa katika nafasi mbili.

Gharama ya kulehemu ilikaribia bei ya kipakatalishi cha mtumba. Tulipokwenda Kisumu kukitafuta, binti alimwomba muuzaji akifungue kwanza, ndipo wazungumze bei. Alinung'unika kidogo, kisha akaitafuta bisibisi yake.