Herufi na Silabi: Kupangua Maneno katika Kiingereza na Kiswahili

1. Utangulizi

Michezo ya maneno huhesabiwa kuwa jambo la watoto, lakini kwa mtaalamu wa lugha ni ushahidi. Mchezaji anapolipangua neno na kulipanga upya, huonyesha bila kukusudia ni kipande gani cha lugha kinachoweza kushikwa na kuhamishwa. Katika Kiingereza kipande hicho ni herufi. Katika Kiswahili ni silabi. Tofauti hiyo inamhusu kila anayefundisha kusoma na kila anayetunga michezo ya lugha kwa ajili ya shule.

2. Mchezo wa jicho

Herufi tatu, t, e na a, zatosha kuwa mfano. Kwa kuzipanga, Kiingereza hupata ‘tea’, yaani chai. ‘Eat’, yaani kula. Na ‘ate’, yaani alikula. Mawili ya mwisho ni ndugu: ‘ate’ ni kitenzi kile kile ‘eat’ katika wakati uliopita. ‘Tea’ ni mgeni. Asili yake ni lahaja za Kichina za pwani ya kusini, nalo lilifika Ulaya kwa biashara ya Waholanzi. Herufi zimewakusanya ndugu wawili na mgeni mmoja chini ya paa moja, na maana haikushauriwa.

Sauti nazo hazikushauriwa. Katika ‘tea’ na ‘eat’, herufi e na a hushirikiana kuandika irabu moja ndefu; katika ‘ate’, e ya mwisho haitamkwi kabisa. Kwa hiyo mchezo huu ni wa jicho. Asiyejua kusoma hawezi kuucheza, hata kama Kiingereza ndiyo lugha ya mama yake.

3. Mchezo wa sikio

Waswahili wana mchezo wao, nao huitwa kinyume. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1870, aliandika mifano yake. Kanuni ni nyepesi: silabi ya mwisho hutangulizwa mbele. Kitabu huwa bukita. Nyumba huwa mbanyu. Katika mbanyu, ny haikuvunjwa, wala m haikutengwa na b. Hayo ndiyo mafungu ambayo sikio huyatambua, na hayahitaji kalamu.

Herufi l, i, m na a huidhihirisha tofauti ya michezo hii miwili. Kwa jicho, hutoa maneno matano: lima, mali, mila, lami na imla. Kwa sikio, hutoa jozi mbili tu: lima na mali, mila na lami. Kutoka lima hadi mila ni lazima silabi zivunjwe na konsonanti zibadilishane mahali, jambo ambalo kinyume hakilifanyi. Imla iko mbali zaidi, kwa kuwa m na l zinafuatana bila irabu kati yake, kama ilivyo katika baadhi ya maneno yaliyotoka Kiarabu.

Hata hivyo, mchezo si etimolojia. Yavutia kusema kwamba mali imo ndani ya lima kwa kuwa mkulima hupata mali kwa jembe. Lakini lima ni neno la Kibantu, na mali limetoka Kiarabu. Yamekutana kwa bahati tu, sawa na ‘tea’ na ‘eat’.

Aidha, kuna mahali ambapo herufi hushindwa kabisa. Mbuni, ndege, ana silabi mbili: mbu-ni. Mbuni, mti wa kahawa, una silabi tatu: m-bu-ni. Mwandiko ni mmoja, mpangilio wa herufi ni mmoja, lakini maneno ni mawili.

4. Hitimisho

Mchezo wa Scrabble, uliobuniwa Marekani katika miaka ya 1930 na msanifu majengo Alfred Butts, uliwekewa alama kwa kuhesabu marudio ya herufi katika magazeti ya Kiingereza. Humo k ina kigae kimoja chenye alama 5, kana kwamba ni adimu. Katika Kiswahili k imo katika ku-, ki-, ka- na viambishi vingine vingi; adimu ni q na x, ambazo tahajia sanifu haizitumii, na c isiyoandamana na h. Mwanafunzi anayepewa herufi za namna hiyo ili aunde maneno ya Kiswahili hapimwi Kiswahili chake.

Walimu wa zamani walioanza na ba, be, bi, bo, bu hawakuwa na nadharia ya fonolojia mkononi, lakini waliifuata njia ambayo lugha yenyewe inaielekeza. Anayetaka kutunga michezo ya Kiswahili, iwe kwa karatasi au kwa kompyuta, na aanzie hapo: vigae vyake viandikwe silabi.